Fundi wa Sauti, Oulu

Kazi yangu ilikuwa kuwavisha maikrofoni.
Kila asubuhi, watu tisa, siku sabini,
natia mkono kolani, nabana klipu,
nasema samahani, vidole vina baridi.
Nyumba ilikuwa kando ya ziwa lililoganda
na nchi nzima iliwatazama.
Mimi sikuwatazama. Niliwasikiliza.

Nilisikia tumbo la Rauni likinguruma
huku akiwaambia wenzake ameshiba.
Nilimsikia Ilta chooni
akifanya mazoezi ya kulia.
Na moyo wa Tarmo, usiku wa kura,
uligonga kitambaa cha shati
kama mtu aliyefungiwa nje kwenye theluji.
Huo haukurushwa. Mhariri alitaka mtu mbaya,
na mtu mbaya hana moyo wa kugonga.

Miaka kumi na mitatu.

Magazeti yakiwakumbuka huwapa wote jina moja la kwanza:
Aliyekuwa.
Aliyekuwa mshindi. Aliyekuwa mchumba wa fulani.
Aliyekuwa yule aliyemwaga supu.
Ganda la muwa la jana, kwa chungu bado ni kivuno.

Wenyewe wanaendelea.
Rauni anafundisha wazee kuogelea,
anawashika kiuno, anawaambia maji hayana kinyongo.
Fedha za ushindi? Mgahawa, talaka,
paa la nyumba ya dada yake.
Ilta ni msaidizi wa daktari wa meno.
Wagonjwa humtambua wakiwa wameachama,
mrija wa mate umening'inia mdomoni:
"Ewe i ule a kwe tivii?"
"Ndiye. Usifunge mdomo."
Eerikki aligombea udiwani, akakosa kwa kura kumi na moja,
sasa anauza majiko ya kuni
na akiona kamera ya harusi huenda kuvuta sigara.

Ni Jalmari tu aliyebaki humo humo:
kipindi cha kupika, kipindi cha dansi,
kipindi cha kupunguza unene alioupata kwenye kile cha kupika.
Kazi yake ni kuwa Jalmari.
Kila mwaka inamwia ngumu zaidi,
maana hata yeye hakumbuki vizuri alikuwaje.

Nami kampuni ilinipunguza.
Nikarudi darasani miaka miwili nikiwa na mvi,
nikahamia upande wa pili wa waya:
sasa nawavisha watu masikio,
dukani, nyuma ya soko, karibu na kinyozi.

Jumanne akaingia Tarmo.
Anaendesha gari la kukwangua theluji,
saa tisa za usiku, barabara ya Kempele,
na injini imemla sikio la kushoto.
Hakunitambua. Anayevishwa huangalia dari.
Nikampima, nikamweleza bei, akaguna,
tukakubaliana alipe kwa awamu.
Nikainama.
"Samahani," nikasema, "vidole vina baridi."

Shingo yake ikageuka polepole.

Nikawasha kifaa.
Alichosikia kwanza ni jokofu la chumba cha nyuma,
kisha koti lake mwenyewe,
kisha, nadhani, pumzi yangu.
"Kuna mwingine anayesikiliza?"
Hakuna, nikamwambia.
Akaangalia pembe za dari, moja baada ya moja,
zote nne, bila haraka,
kama mtu anayehesabu chenji.

Nje, barabara aliyoikwangua alfajiri
ilikuwa imeshaanza kuwa nyeupe.
Angepaswa kuondoka. Zamu yake ilikuwa karibu.
Badala yake akaniuliza jina langu.
Nikamtajia.
Akaniomba nirudie,
na si kwamba hakusikia.